Shule Itangulie Viwanja: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Jiji la Tanga

Kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Tanga, Mkurugenzi wa Jiji na waheshimiwa madiwani wote. Nakala kwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, na kwa TAMISEMI.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mpangaji wa Makorora, na mchana nakaa kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe limekatwa vipande: watu wa ardhi wanapima viwanja, watu wa elimu wanajenga madarasa, na nyumba ya kupanga haina idara wala afisa wa kumfuata. Anayebaki kuviunganisha vipande hivyo ni mzazi, kwa miguu yake na mfuko wake.

Ninachoomba ni kwamba katika jiji hili shule itangulie viwanja, na pale ambapo shule nzuri ipo tayari, mtu wa mshahara wa kawaida aweze kupanga jirani nayo. Naomba mnivumilie nieleze.

Familia nyingi za hapa mjini huhama Desemba. Shule zimefungwa, uandikishaji wa darasa la kwanza unaelekea ukingoni, mwenye mtoto aliyemaliza la saba anangoja kuona kapangiwa wapi. Madalali wanaujua msimu huo kuliko sisi. Mwaka juzi nilikuwa natafuta vyumba viwili vyenye maji na choo ndani upande wa Chumbageni, karibu na shule moja ya msingi ya serikali ambayo wazazi wanaisifu. Nikapelekwa kwenye sehemu iliyopakwa rangi juzijuzi juu ya ukuta wenye unyevu. Chini ya dirisha chumvi imeshaanza kutoboa rangi, mfuniko wa karo umepasuka, na umeme ni LUKU moja ya kuchangia na wapangaji wawili wengine. Nikauliza kwa nini bei imezidi ya Mikanjuni kiasi kile wakati ya Mikanjuni ilikuwa safi zaidi. Dalali akacheka. "Dada, hapa na shule ni pua na mdomo. Unalipia na shule."

Nilikasirika wakati ule, lakini maneno yake yalikuwa na hesabu ndani. Elimu ya msingi na sekondari mpaka kidato cha nne haina ada tangu 2016, na tangu 2022 kidato cha tano na cha sita nacho kimefutiwa. Tunashukuru, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Nina mkubwa wa sekondari, najua ningekuwa wapi. Ila kwa mzazi wa mjini ile ada haikupotea. Imehamia kwenye kodi ya nyumba. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini matokeo ya kila shule bado yanawekwa kwenye tovuti, na wenye nyumba wanasoma kama sisi tunavyosoma.

Tofauti niliyotajiwa siku ile kati ya Chumbageni na Mikanjuni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 840,000. Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa na serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Maana yake, pesa ambayo ningeiongeza kwa mwenye nyumba ili wanangu wakae karibu na shule nzuri ingetosha ruzuku ya wanafunzi 84. Ningekuwa nimelipia karibu madarasa mawili kwa kiwango cha serikali cha wanafunzi 45 darasani, na shule yenyewe isingeona hata chaki moja kutoka kwangu.

Sikuchukua. Nipo Makorora mpaka leo.

Halafu kuna namna ya kulipa. Kodi inatakiwa miezi sita mbele, na wapo wanaotaka mwaka mzima. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa mpaka shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025. Wengi tulio madukani tunausikia mshahara huo redioni tu, lakini tuutumie kwa mfano. Tuseme theluthi yake ndiyo ya kodi: ni kama 166,000. Kwa miezi sita ni milioni moja taslimu. Weka na ya dalali, ambayo kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja. Mtu huyo anatakiwa ashike mkononi mishahara miwili na ushei, isiyoguswa hata kwa unga, katika mwezi uleule wa sare, viatu, madaftari na nauli za kurudi kutoka kijijini. Anayeweza kulipa 166,000 kila mwezi bila kukosa anaonekana hawezi kupanga nyumba ya 166,000, kwa sababu tu hana milioni ya kuanzia. Hapo ndipo wanapoingia watu wa mikopo ya haraka ya kwenye simu, na hilo sitaki hata kulianza.

Zamani kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Pango ya mwaka 1984, iliyokuwa na baraza la kusikiliza mashauri ya wapangaji. Ilifutwa mwaka 2005. Siombi irudi kama ilivyokuwa. Kubana kodi kwa amri kunamfanya mwenye nyumba aache kupaka chokaa na kuziba bati, na mwishowe anageuza vyumba kuwa fremu za biashara. Ninachotaka ni kidogo kuliko hapo: mwenye nyumba asiruhusiwe kudai zaidi ya miezi mitatu mbele, mkataba uandikwe, na malipo ya dalali yajulikane. Wizara imekuwa ikizungumzia kwa muda mrefu sheria ya kusimamia sekta ya milki, yaani biashara ya kuuza na kupangisha nyumba na viwanja. Mheshimiwa Waziri, wapangaji tunaingoja. Wakati tunaingoja, Jiji linaweza kuanza na kinachowezekana, yaani mkataba wa mfano wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, uwekwe ofisi ya kila mtendaji wa kata, na uwe unashuhudiwa pale bila gharama.

Nirudi dukani kwangu, maana huko ndiko ninakoona upande wa pili.

Wateja wengi wa rejareja wanajenga nje ya mji: Pongwe, Mabokweni, huko Masiwani, nyuma ya Kange. Wanakuja na pesa ya mifuko mitatu ya saruji, wanaondoka, wanarudi baada ya mwezi na nusu kwa nondo nne. Saruji inatengenezwa hapahapa Pongwe, lakini nyumba bado inachukua miaka. Ukishakaa kaunta unamjua mtu kwa hatua ya nyumba yake: huyu yuko kwenye msingi, huyu amefunga lenta, yule anatafuta mbao za kupaulia. Na karibu wote wanahamia kwenye pagale. Madirisha yamezibwa kwa turubai, sakafu ni kifusi kilichoshindiliwa, lakini wamehama, kwa sababu kodi ya mjini ilikuwa inakula ileile pesa ya bati.

Swali ninalowauliza huwa moja: mtoto atasoma wapi? Jibu nalo ni moja: ataendelea kulekule mjini.

Kwenye ramani ya mipangomiji eneo la shule lipo. Mpimaji ameliweka, limeandikwa vizuri kabisa. Ukifika kwenyewe utakuta mihogo, au goli mbili za miti. Viwanja vya pembeni yake vimeuzwa, bikoni za mipaka zimefukiwa, watu wameanza kulala, na shule inangoja bajeti ya mwaka ujao, kisha wa ule unaofuata. Inapofika, inakuja kwa michango ya wananchi walewale waliomaliza pesa yao kwenye msingi.

Kwa hiyo mtoto wa miaka minane anaamka saa kumi na moja alfajiri. Nenda pale Kange kabla ya saa kumi na mbili na nusu uone. Daladala inakuja taratibu, konda anachungulia, akiona sare za bluu na nyeupe zimejaa kituoni anagonga bati mara mbili na gari linapita. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200 na ya mtu mzima ni mara tatu ya hiyo, kwa hiyo simlaumu sana konda ambaye ana hesabu ya tajiri jioni. Lakini mtoto anafika kipindi cha pili, anachapwa kwa kuchelewa, na anarudi nyumbani magharibi. Wa kike akishaingia sekondari, safari hiyo inakuwa hatari ya aina nyingine. Kila mzazi anaijua, na boda anayempa lifti anaijua pia.

Jiji linakua kwa kasi, hilo si siri. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 273,000 na kitu. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 390,000. Bandari imepanuliwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, la kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na wageni wa miradi wanakuja na posho ya nyumba ambayo muuza duka hawezi kushindana nayo. Sina ugomvi na wageni. Mji wetu tangu zamani ni wa waja leo, na wengi wetu babu zetu waliletwa na mkonge. Ila kila mradi mkubwa unaosaini mkataba na wafanyakazi wake ungeulizwa watalala wapi kabla hawajafika, maana wasipojengewa wanakuja kulala kwenye nyumba zetu, na sisi tunasukumwa Mabokweni.

Sasa, shule itanguliaje? Nasikia hoja kwamba pesa hakuna. Mnisamehe, lakini tumeona pesa ikipatikana. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, nchi hii ilianza kujenga madarasa 15,000 kwa mkupuo, 3,000 kati yake kwenye shule shikizi, yaani shule ndogo zinazoanza chini ya shule mama, na kazi ikaisha kwa miezi, si miaka. Duka letu lilikuwa linafungwa usiku siku hizo. Shule shikizi ndiyo hasa ninayoiomba: madarasa mawili ya awali na la kwanza na la pili, vyoo, kisima au bomba, na nyumba ya mwalimu mmoja, vijengwe kwenye eneo la shule kabla kiwanja cha kwanza hakijatangazwa. Yaliyobaki yatakua na mtaa. Gharama iingizwe kwenye bei ya viwanja vyenyewe. Mnunuzi atalalamika siku ya kwanza, kisha atapiga hesabu ya nauli na bajaji kwa miaka saba na kunyamaza.

Na kama fedha ya kuanzia ndiyo tatizo, Tanga hii hii imeshaionyesha nchi njia. Mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa mradi unaojali mazingira, na watu wakainunua. Maji yana bili ya kulipia deni, najua, darasa halina. Lakini nyumba ya kupanga ina kodi. Jiji likishirikiana na Shirika la Nyumba la Taifa likajenga nyumba za kupangisha familia, za vyumba viwili na vitatu, ghorofa mbili au tatu bila mbwembwe za vioo, kodi hiyohiyo inalipa deni. Nasema za kupangisha. Kila ninaposikia "nyumba za gharama nafuu" nikifuatilia nakuta zinauzwa, na riba ya mkopo wa nyumba ni ya tarakimu mbili. Fundi umeme wa Makorora hanunui hiyo.

Zijengwe wapi? Hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Zijengwe mjini, jirani na shule zilizopo. Tanga ina bahati ambayo miji mingi haina: tulipangwa. Ngamiani imenyooka barabara kwa barabara, zina namba, hata mgeni hapotei. Shule za zamani ziko ndani ya mtaa. Hapa ndipo Wajerumani walipoanzisha shule ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1890. Na aina ya nyumba iliyowaweka watu karibu na shule hizo tunayo mpaka leo, nyumba ya Kiswahili. Baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani nyuma na jiko na choo. Familia tatu au nne zilikuwa zinalea watoto humo, na mwenye nyumba akiwa bado anakaa chumba cha mbele. Mtoto akitoka shule saa nane na mama yuko sokoni, bibi wa chumba cha pili anamwambia nawa mikono ule. Baadaye, majengo ya maghorofa yaliyotaifishwa mwaka 1971 nayo yaliwapa watu wa mishahara midogo nafasi ya kulala katikati ya mji, mitaa ambayo wasingeiota.

Nyumba za Kiswahili zinabomolewa moja moja. Mzee anafariki, warithi saba hawaelewani, inauzwa, zinapanda fremu za maduka chini na gesti juu. Kila inapobomolewa, zinaondoka familia nne zilizokuwa zinatembea kwa miguu kwenda shule. Mimi huuza mbao za lile jengo jipya, kwa hiyo sijidai mtakatifu. Lakini Jiji ndilo linalotoa kibali cha ujenzi. Kwa nini kibali cha ghorofa Ngamiani kisiwe na sharti kwamba sehemu fulani iwe nyumba za familia? Kwa nini mrithi anayetaka kupandisha ghorofa badala ya kuuza asisaidiwe ramani na kupunguziwa ada ya kibali, kwa makubaliano kwamba atapangisha familia kwa kodi ya kila mwezi? Tangu 2008 ipo sheria inayoruhusu watu kumiliki sehemu za jengo moja. Warithi saba wanaweza kupata hati saba bila kumfukuza mtu. Wangapi wanaijua? Mkiwatuma maofisa ardhi wakakae kwenye baraza za Ngamiani wiki moja, wakaieleza kwa lugha ya barazani, mtaona.

Pia kuna ardhi ya umma mjini. Tunapita mbele yake kila siku: nyumba za zamani za watumishi zenye viwanja vikubwa, mapaa yameanguka, mwembe umeota sebuleni. Sitataja ni za taasisi gani, kila taasisi ijitazame. Naomba tu orodha itolewe, wananchi tujue kipi ni cha nani na kina mpango gani.

Lipo na la shule zenyewe, na sitalirefusha. Tunakimbilia shule chache kwa sababu zina walimu. Mwalimu naye anapanga mjini, anapanda daladala ileile isiyotaka wanafunzi, na akipata nafasi anaomba uhamisho arudi karibu na kwake. Mkijenga nyumba za walimu Mabokweni na Pongwe, zenye maji na umeme, nusu ya foleni ya Chumbageni itapungua yenyewe. Na tukumbuke kwamba toleo la 2023 la Sera ya Elimu limeifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Sekondari ya mbali sasa ni tatizo la kila nyumba.

Na baiskeli, tafadhali. Huu ni mji wa baiskeli, ni tambarare, watu wazima kwa watoto tunaendesha. Barabara mpya zinapojengwa kutoka makazi mapya, ziwekewe njia ya baiskeli iliyotengwa kweli, isiyogeuzwa meza za maembe ndani ya mwezi. Ni nafuu kuliko chochote nilichokitaja humu, na mtoto wa darasa la tano wa Kange angefika shule bila kumbembeleza konda.

Najua mtaniuliza nianzie wapi kama ningekuwa nyinyi. Ningeanza na kitu cha gharama ndogo: kusimamisha uuzaji wa viwanja vipya katika kila eneo ambalo shule iko kwenye ramani tu, mpaka msingi wa madarasa mawili uwe umemwagwa zege. Halafu ningeleta kwenye baraza la madiwani, kabla bajeti inayoanza Julai haijapitishwa, jedwali moja lenye mitaa yote mipya, idadi ya viwanja vilivyouzwa, na umbali wa kutembea mpaka shule ya msingi na sekondari iliyo karibu. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi. Nitaomba ruhusa kwa tajiri wangu nije nikae nyuma nisikilize.

Majibu yenu, yakiwepo, naomba yabandikwe pia kwenye mbao za matangazo za kata. Si kila mpangaji ana bando.

Wenu,
Mama wa watoto watatu, Makorora, Tanga